Msomaji wa Pili

Kwa mujibu wa kila karatasi aliyoonyeshwa Murad Badawi wiki ile, Elphas Makokha alikuwa mzima na yuko kazini. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa na miezi saba mbele. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya wapimaji wa mradi wa kuhesabu samaki wa kaskazini mwa Bahari ya Shamu. Na kila Ijumaa, adhuhuri ikishapita, dada yake Miriam, mtumishi wa nyumbani huko Riyadh, alikuwa akipokea ujumbe wake kwenye simu.

Aliyekataa kusadiki ni Miriam peke yake.

"Mzee Murad," alisema katika sauti aliyoirekodi na kumtumia, akinong'ona kama mtu aliyejifungia stoo, "ndugu yangu ananiandikia, lakini haongei. Miezi minne sasa. Nikipiga hashiki. Nikimwambia anitumie sauti tu, hata ya kukohoa, anasema simu iliingia maji ya chumvi. Mimi narudi Kenya Jumatano. Nikifika kwetu Port Victoria, pale ziwani, mama ataniuliza kitu kimoja tu. Siwezi kumfikia mikono mitupu. Nitafutie jibu, hata likiwa baya."

Murad aliisikiliza mara tatu kwenye meza yake ndani ya duka la simu, mtaa wa Sharafiya, Jeddah. Meza ile aliikodi alipostaafu bandarini, ambako kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kufuatilia mizigo iliyopotea, yale makontena yanayoonekana vitabuni na uwanjani hayapo. Alizaliwa Jeddah, kwa wazazi waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, Kiarabu chake cha mtaani, na Waafrika Mashariki wenye shida za makafili, wale waajiri wanaowadhamini, na vikaratasi walikwisha kumzoea. Bandari ilimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau: mzigo wenye karatasi safi kupita kiasi ndio wa kuufuata kwanza.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya pili baada ya Idi, mwaka 2015. Alikuwa na siku sita.

Alianzia ofisini. Msimamizi wa mradi aliitwa Stephen, Mkenya mwenye shati lililonyooka kwa pasi, na ndiye aliyewaajiri vijana wote kumi na tisa kutoka vyuo vya kwao. Alimpokea Murad kwa heshima, akamwagizia chai, akamweleza kwamba Elphas yuko kwenye boti, kaskazini, ambako mtandao hauaminiki. Anarudi Jeddah siku moja mbili, kisha anaondoka tena. Akafungua kompyuta na kumgeuzia kioo ili ajionee mwenyewe.

"Angekuwa amekimbia kazi, mimi ningekuwa wa kwanza kuripoti," alisema. "Huyu ni kijana wangu bora. Huyo dada yake ni wasiwasi tu, mzee. Wanakaa ndani ya nyumba za watu, wanafikiria sana."

Murad aliuliza jina la nahodha. Akajibiwa kwamba nahodha yuko likizo, kwao Misri. Aliuliza tarehe ambayo boti iliondoka mara ya mwisho. Stephen akaahidi kumtumia, na hakutuma. Murad alipotoka alisimama chini ya kivuli cha ukuta, akaandika daftarini mstari mmoja: Kanionyesha orodha kabla sijaiomba.

Jumamosi alfajiri alikwenda soko la samaki. Vijana wawili wa mradi walikuwa wamemdokeza kwamba Elphas alipata kugombana na mchuuzi mmoja wa Kiyemeni, na kwamba mchuuzi aliapa mbele ya watu kumtupa baharini. Murad alimkuta mtu huyo juu ya lundo la barafu, mpana kama mlango, akimtoa chewa matumbo kwa kisu kifupi. Hakukana neno.

Nilimtukana, alisema kwa Kiarabu, na akija leo nitamtukana tena. Kijana gani huyo, anawapima samaki wangu mbele ya wateja, anatangaza kwamba nusu yao hawajazaa hata mara moja, halafu anasimama pale anawatazama kwa huzuni kama amefiwa? Biashara siku ile ilikufa. Lakini kumtupa baharini? Ningemtupaje, na yule ni mrefu kama mlingoti?

Murad alimuuliza mara ya mwisho alimwona lini.

"Tawili?" mchuuzi aliuliza, akimaanisha yule mrefu. "Mafi, hayupo. Tangu kabla ya Rajabu hajafika. Anakuja mwenzake, yule mfupi. Anakuja na mbao mbili."

"Mbao mbili za nini?"

"Za kupimia. Kila mmoja alikuwa na wake, una jina lake. Sasa mfupi anabeba zote mbili. Nusu ya samaki anawalaza kwenye ubao huu, nusu kwenye ule. Nikamuuliza, mmoja una kasoro? Akasema yote ni sawa. Nikamuuliza, basi kwa nini? Akanitazama tu."

Alipiga ngumi hewani kuonyesha kwamba jambo hilo limemkera muda mrefu. Murad akamshukuru, akamfuta katika orodha ya watu wa kuwashuku. Mtu aliyemtupa mwenzake majini hawezi kushangaa kwa nini ubao wa mwenzake umebaki hauna mwenyewe.

Mfupi huyo alikuwa Solomon, ambaye kwa maelezo ya Stephen ndiye mwenziwe Elphas katika kila kazi: walipima pamoja, waliandika pamoja, walilala chumba kimoja. Murad hakumwendea papo hapo. Bandarini hakupata kumhoji mtu kabla ya kujua jibu la angalau swali moja.

Jumapili, basi, alikwenda kwenye maabara. Ilikuwa nyumba ya kukodi kaskazini mwa mji, yenye viyoyozi vinavyonguruma na harufu ya spiriti, na mtunza sampuli wake alikuwa Zeinab, binti wa watu wa Unguja kama yeye. Mama yake na marehemu mama yake Murad walikuwa wakipikiana futari huko Balad, mji wa kale wa Jeddah.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nifundishe kazi yako kama unavyomfundisha mtoto."

Zeinab akamweleza. Samaki ana vijiwe viwili ndani ya kichwa, nyuma ya ubongo, vinaitwa mawe ya sikio. Ukikata kipande chembamba cha kijiwe ukakiweka chini ya hadubini, unaona miduara, mmoja ndani ya mwengine, kama ya gogo lililokatwa. Kila mduara ni mwaka. Umri wa samaki ukishajulikana, unajua kama bahari inavuliwa kwa kiasi au inamalizwa. Lakini kila jiwe lazima lisomwe na watu wawili, na msomaji wa pili haruhusiwi kuona alichoandika wa kwanza.

"Kwa nini wawili?"

"Jicho lina mazoea yake, ami. Mmoja anaona mduara, mwengine anaona kivuli. Wakitofautiana tunajua ujinga wetu umefika wapi. Wasipotofautiana kabisa, hapo ndipo tunaingia wasiwasi."

"Na hawa wawili, Solomon na Elphas?"

"Wanatofautiana," alisema Zeinab kwa fahari. "Kazi yao ni safi."

Murad aliomba karatasi zote tangu Januari. Akavua saa, akachukua rula, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Kila mstari ulikuwa na namba ya jiwe, kisha usomaji wa Solomon, kisha usomaji wa Elphas. Januari: Solomon nane, Elphas nane. Solomon kumi na mbili, Elphas kumi na tatu. Solomon sita, Elphas nne, na pembeni kwa penseli, "jiwe limevunjika, sina hakika." Februari vivyo hivyo, leo wamekubaliana, kesho wamepishana mbili, keshokutwa Elphas kaweka alama ya kuuliza.

Karatasi ya wiki ya pili ya Machi ilianza hivi: Solomon tisa, Elphas nane. Solomon kumi na nne, Elphas kumi na tatu. Solomon tano, Elphas nne.

Murad akateremka. Akageuza karatasi. Akateremka tena. Saa nzima ilipita, chai ikapoa. Alipoinua kichwa alikuwa amehesabu mistari mia mbili na kumi na miwili, na katika kila mmoja Elphas alikuwa chini ya mwenzake kwa mwaka mmoja. Hakuna alama ya kuuliza. Hakuna jiwe lililovunjika.

"Elphas ana tabia hiyo," Zeinab alisema haraka, kama anayemtetea. "Mduara wa ukingoni ukiwa haujafunga, hauhesabu. Anasema mwaka usiokwisha si mwaka. Tulibishana naye sana."

"Alifanya hivyo kila mara?"

Zeinab akaivuta karatasi ya Januari, akailaza kando ya ile ya Julai, akazitazama kwa muda.

"Mtu wa kweli hukosea kwa namna nyingi," alisema Murad kwa upole. "Leo amechoka, kesho ana haraka, keshokutwa amevunja jiwe. Huyu wa karatasi za mwisho anakosea kwa namna moja tu. Huyu si Elphas, mwanangu. Huyu ni mtu anayemkumbuka Elphas."

Kisha akatoa simu yake, ambamo Miriam alikuwa amemtumia nakala za ujumbe wote. Ule wa Ijumaa, tarehe ishirini na nne Julai, ulisema: "Leo nimesoma jiwe la chewa wa sentimita sitini na moja. Miaka kumi na mitatu. Huyu angekuwa darasa la saba." Zeinab alimtafuta chewa huyo kwenye karatasi. Alikuwapo, sentimita sitini na moja: Solomon kumi na nne, Elphas kumi na tatu. Karatasi hiyo ilifika maabara Jumapili, tarehe ishirini na sita. Aliyeandika ujumbe Ijumaa alikuwa nayo siku mbili kabla.

"Nani huleta karatasi?"

"Solomon," alisema Zeinab, na akakaa. Baadaye kidogo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejihukumu, iweje azipokee kila Jumapili, azipige muhuri, na asione. Murad akamjibu kwamba alitazamia kuwaona watu wawili, na mtu fulani alijitahidi sana awaone wawili.

Alasiri ile ile Solomon aliitwa kwenye mkahawa wa Sharafiya, ule wa ghorofani ambako Wakenya hula maharage na chapati. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mfupi, vidole vyake vimejaa alama za kuchomwa na miiba ya samaki. Murad aliagiza chai mbili, akaiweka karatasi ya Julai mezani, uso chini.

"Elphas yuko wapi?"

"Yuko boti, mzee."

"Umemwona lini?"

"Wiki jana. Alikuja tukasoma mawe."

"Mangapi?"

"Ishirini na mbili."

"Wewe ishirini na mbili, naye ishirini na mbili. Mlipishana mara ngapi?"

Murad akaigeuza karatasi, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaiteremsha polepole, mstari kwa mstari. Ilipofika mstari wa tisa kijana aliweka mkono wake juu ya rula na kuizuia.

"Tumechelewa sana, mzee?" aliuliza. "Dada yake amesharudi?"

"Jumatano."

Hapo akasimulia, na hakuacha hadi alipomaliza. Ilikuwa tarehe tisa Machi, mbele ya mji wa pwani wa al-Wajh, kaskazini zaidi ya mahali ambapo kibali cha boti kiliishia. Walikuwa wakitega madema ya utafiti, ile mitego mizito ya samaki, kutoka kwenye boti ndogo. Dema likatumbukizwa kabla ya wakati wake, kamba ikauzunguka mguu wa Elphas, na maji pale ni marefu kuliko kamba zote walizokuwa nazo. Walizunguka siku mbili. Stephen aliwaamuru kwa redio warudi, na waliporudi aliwakusanya akawaambia kwamba boti haikutakiwa kuwa kule. Habari ikijulikana, mradi umefungwa na wote kumi na wanane waliobaki wanarudi makwao bila cheti wala jina. Pasipoti zao zilikuwa kwenye kabati lake. Nahodha akapelekwa likizo. Na kwa kuwa mkataba ulitaka wasomaji wawili, Solomon akaambiwa awe wawili.

"Na ujumbe?" Murad aliuliza. "Huo pia uliamriwa?"

"Hapana. Huo ni wangu."

Aliifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

"Simu yake ilibaki kitandani kwake, ndani ya boti kubwa. Tukiwa njiani kurudi ikaingia meseji ya dada. Alikuwa ameuliza, umekula? Hivyo tu. Nikaona nisipojibu atajua, na atajua akiwa peke yake kwa nyumba ya watu. Kwetu kifo hakitumwi kwa simu, mzee. Watu wanaenda. Wanakaa chini. Ndio kinasemwa. Mimi nilikuwa mmoja, na mmoja si watu. Nikaandika, nimekula."

"Kisha?"

"Nilifikiri ni ya siku moja. Nitafute wawili tuende Riyadh. Wenzangu waliogopa, na ruhusa sikupewa. Ijumaa ikafika. Elphas alikuwa akimwandikia samaki mmoja kila Ijumaa, tangu chuoni. Nikamwandikia samaki."

"Wa kubuni?"

Solomon aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika.

"Samaki ni wa kweli wote. Ndiyo maana nabeba ubao wake. Nikisema amepima, awe amepima."

Murad alikuwa amewahoji walanguzi, wezi wa magari, na karani mmoja aliyeuza meli isiyokuwepo. Aliwazoea watu wanaodanganya ili wapate kitu. Alikunywa chai yake yote, akatoa karatasi nyeupe, akaandika maelezo ya Solomon kurasa tatu, akamsomea, akamtaka atie saini kila ukurasa.

Jumatatu asubuhi nakala moja ilikwenda kwa walinzi wa pwani, nyingine ubalozini, pamoja na karatasi za Zeinab zilizopigwa mstari mwekundu kuanzia Machi tisa. Kufikia adhuhuri Stephen alikuwa ameitwa kujibu, na kabati lake limefunguliwa mbele ya mashahidi. Ya serikali yalikuwa yameanza mwendo wake. Lililobaki halikuwa la serikali.

Murad alimweleza dada yake, Jokha, mjane aliyekaa naye nyumba moja, akidhani anamweleza tu. Jokha alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Utakwenda peke yako kumwambia mtoto wa kike msiba? Wewe na hilo daftari lako?"

"Nilifikiri kumwomba Solomon."

"Solomon lazima. Aliyefunga fundo ndiye alifungue. Na mimi wa tatu. Wawili ni wapita njia, watatu ndio watu."

Walipanda ndege ya Jumanne asubuhi. Solomon alishika mapajani kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka, na mhudumu wa ndege alipotaka kukiweka juu, alimwomba kwa Kiarabu kibovu amwachie. Riyadh iliwapokea kwa joto kavu, lile la kukausha mate kinywani. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu, Bi Wafaa, ambaye Murad alikuwa amempigia simu jana yake na kumwambia yote. Aliwafungulia mwenyewe. Watoto alikwisha kuwapeleka kwa jirani. Aliwaingiza katika sebule ya wanawake, akamwita Miriam alete chai, kisha akasimama mlangoni kwa upande wa ndani, mikono ameifumbata, kwa kuwa hakujua la kufanya nayo.

Miriam aliingia na sinia. Alikuwa mrefu kama alivyosemwa kaka yake. Aliwaona watatu: mzee mwenye daftari, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga juu ya baibui, na kijana asiyemfahamu karibu na mlango. Nyuma yao kulikuwa na makochi manne, na wao walikuwa wamekaa kwenye zulia.

Alisimama na sinia mkononi.

"Mko watatu," alisema. "Na mmeacha viti."

Aliiweka sinia chini bila glasi kugongana, akakaa, akaipanga miguu yake upande mmoja na kuifunika vizuri.

"Basi semeni."

Murad alikuwa ameandaa maneno tangu Jeddah. Hakuyahitaji, kwa maana Solomon alisogea kwa magoti hadi mbele yake.

"Dada, mimi ni Solomon wa Elphas. Elphas alizama tarehe tisa mwezi wa tatu. Tulimtafuta siku mbili. Hatukumpata."

Miriam hakupiga ukelele. Miaka miwili ya kuishi katika nyumba za watu ilikuwa imemfundisha kulia bila sauti. Alishika pindo la kanga ya Jokha, akaliuma, na mwili wake ukatikisika kwa muda mrefu, na Jokha akamkumbatia kichwa na kumwambia lia mwanangu, lia, leo hakuna kazi. Bi Wafaa mlangoni aligeuza uso ukutani.

Ilipopungua, alijifuta kwa kiganja.

"Tarehe tisa mwezi wa tatu," alirudia, kama anayepima. Kisha akamtazama Solomon. "Mwezi wa nne nilikuwa kwa ile nyumba ya kwanza. Ghorofa ya tatu. Walikuwa wamenifungia. Nilifunga mashuka, nikamwandikia Elphas, nashuka kwa dirisha leo, likikatika likatike. Kuna mtu alinijibu."

"Ni mimi."

Aliifungua simu yake, akatafuta, akamnyooshea.

"Nisomee. Nimengoja sauti miezi minne. Soma kwa sauti."

Solomon aliichukua kwa mikono miwili. Akasoma.

"Usishuke kwa dirisha. Fungua mashuka, uyakunje vizuri, uyarudishe kitandani wasijue. Kesho ukipewa takataka utoe, toka nazo kwa mlango, uende ofisi ya kazi, ukae hapo mpaka wakuandike. Leo nimepima changu wa sentimita ishirini na tisa. Ana miaka mitano. Ukifika niambie. Sitalala."

Miriam alikuwa amefumba macho.

"Elphas hangesema uyakunje," alisema mwishowe. "Huyo hakuwahi kukunja shuka maisha yake yote. Mama alikuwa akimfukuza na mwiko."

Jokha alicheka na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Nilijua siku hiyo," Miriam alisema. "Nikakunja mashuka, nikajua. Nikakataa kujua."

Murad, ambaye alitumia rula na karatasi za miezi saba kufika pale pale, alilifunga daftari lake na kulitia mfukoni.

Solomon akakifungua kile kitu kirefu. Ulikuwa ubao wa kupimia samaki, mita moja na ushee, alama za sentimita zimefifia katikati ambako samaki wengi huishia, na kwenye ncha, kwa msumari wa moto, E. Makokha. Miriam aliupokea akaulaza mapajani. Akapitisha kidole juu ya namba, kutoka sifuri hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi sifuri.

"Kwetu aliyechukuliwa na ziwa anazikiwa mgomba," alimweleza Jokha. "Unakatwa urefu wake, unavikwa nguo, ndio kaburi lisikae tupu." Aliutazama ubao. "Mama atauliza. Nitampa huu."

Aliondoka, akarudi akiburuta sanduku lake, lililokwisha kufungwa kwa safari ya kesho. Alilifungua pale zuliani. Ubao haukuingia, si kwa urefu wala kwa mshazari. Solomon alitaka kusema kitu kuhusu kuukata, akanyamaza mwenyewe. Miriam akaanza kutoa vitu: blanketi la mama, viatu vya watoto, khanga mbili. Chini kabisa kulikuwa na shati jeupe la kiume ndani ya plastiki yake, limekunjwa dukani, mikono mirefu, saizi ya mtu mrefu.

Akaitoa plastiki. Akaukunjua mkono mmoja, kisha wa pili, akalilaza shati chini na ubao juu yake, ile ncha yenye jina ikitokeza penye ukosi. Akalirudisha shati mbele pande zote mbili, akaanza kulifunga vifungo kutoka chini, kimoja kimoja, bila haraka, mpaka shingoni.